MAMBO YA NYUMBANI: Bomba la Mashine ya Kukaushia Nguo



Mwezi huu twataka kusema habari ya kitu kilichojificha ukutani, ambacho watu wengi hawakitazami mpaka kimewaletea hasara. Jamaa zetu wengi wasemao Kiswahili, watu wa Kongo na Burundi, wa Tanzania na Kenya, wamehamia Marekani na Kanada, na wazee wengi waliobaki nyumbani wana watoto wao huko. Katika nchi zile nyumba nyingi zina mashine ya kukaushia nguo. Kwetu jua na upepo huifanya kazi hiyo bila malipo, wala hapana mtu aliyefundishwa na mama yake namna ya kuitunza mashine kama hii. Basi si ajabu mtu akiitumia miaka mitatu asijue ya kuwa nyuma yake kuna bomba, na ya kuwa bomba lile lataka kusafishwa.

Kukausha nguo ndani ya nyumba si jambo geni kwa watu wa nchi za baridi. Mwaka 1892 Mmarekani mweusi, jina lake George T. Sampson, alipewa hati ya serikali ya uvumbuzi kwa ajili ya kifaa chake cha kutundikia nguo karibu na jiko, zipate kukauka bila kuungua. Mwishoni mwa miaka ya 1930 mashine zenye pipa lizungukalo zilianza kuuzwa madukani huko Marekani. Tangu hapo zimeenea sana, na hatari ya moto imeenea pamoja nazo.

Namna mashine ifanyavyo kazi

Mtu akiielewa kazi ya mashine, hana haja ya kulazimishwa kuitunza. Nguo mbichi hutiwa ndani ya pipa la chuma, nalo huzunguka. Mashine huvuta hewa ya chumbani, huipasha moto kwa umeme au kwa gesi, na kuipitisha kati ya nguo. Hewa ile huchukua maji ya nguo, kisha feni huisukuma nje ya nyumba kwa njia ya bomba lenye upana wa inchi 4, yaani kama sentimita 10. Mwisho wa bomba, upande wa nje wa ukuta, pana kilango chepesi. Feni ikipuliza kilango hufunguka. Feni ikinyamaza hujifunga, ili baridi na wanyama wadogo wasiingie.

Lakini hewa haitoki peke yake. Kila nguo ikizungushwa huachia nyuzinyuzi nyembamba sana, hasa nguo za pamba, taulo na blanketi. Kanga na vitenge vipya huachia nyingi. Sehemu kubwa hushikwa na chujio, ile wavu ndogo iliyo mlangoni au juu ya mashine. Zilizobaki hupita, nazo kwa kuwa zina unyevu hunata katika bomba, hasa penye viwiko. Leo kidogo, kesho kidogo, mpaka njia ya inchi 4 imekuwa njia ya inchi 2.

Hapo yatokea mambo mawili. Kwanza, hewa yenye maji haitoki upesi, na nguo hazikauki. Pili, joto lililopaswa kwenda nje hubaki ndani ya mashine, na ndani yake mna nyuzi kavu karibu na kipasha joto. Nyuzi hizi huwaka upesi sana. Watu wengine huziweka akiba za kuwashia moto wa kuni. Ni kweli mafundi wametia ndani ya mashine vidude vya kuikata joto lizidipo kiasi, lakini kidude chaweza kuharibika, na kinga ya kweli ni njia safi ya hewa.

Hesabu ya hasara

Mtu asiseme ya kuwa twawatisha bure. Idara ya serikali ya Marekani ishughulikayo na habari za moto ilichunguza mioto ya miaka 2008 hata 2010. Ilikadiri ya kuwa kila mwaka nyumba za kukaa watu zilipata mioto 2,900 iliyoanzia katika mashine za kukaushia nguo. Watu 5 walikufa kila mwaka, 100 waliumia, na mali ya dola milioni 35 iliteketea. Walipotafuta sababu, iliyokuwa ya kwanza ni uvivu wa kusafisha, nayo ilionekana katika mioto 34 kwa kila 100. Tena mwezi uliokuwa na mioto mingi kuliko miezi mingine yote ni Januari, yaani wakati wa baridi kali.

Fikirini maana ya hesabu ile. Sababu nyingine za moto zaweza kumpata mtu pasipo yeye kujua, lakini hii yaweza kuondolewa kwa mikono yake mwenyewe, katika saa moja au mbili, mara moja kwa mwaka. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nasi twaongeza ya kuwa mpangaji wa ng'ambo, aliyeacha kila kitu alipohama, hana nguvu ya kujenga ukuta huo mara ya pili.

Dalili za bomba lililoziba

Mashine haisemi, lakini hutoa dalili. Itazameni ninyi wenyewe:

Nguo zilizokuwa zikikauka kwa mzunguko mmoja sasa zataka miwili. Watu wengi hudhani mashine imezeeka, wakaenda kununua nyingine, na nyingine nayo ikafanya vivyo hivyo, maana ubaya haukuwa katika mashine bali katika bomba.

Mashine yenyewe, au nguo zilizotoka ndani, ni moto kupita desturi.

Chumba cha mashine kina unyevu, au madirisha yake yatokwa na jasho, au pana harufu ya ukungu.

Nyuzi zaonekana sakafuni nyuma ya mashine.

Kilango cha nje hakifunguki sawasawa mashine inapofanya kazi, au ukiweka mkono wako mbele yake hausikii upepo wa nguvu.

Pana harufu ya kitu kiunguacho. Dalili hii si ya kungojea kesho. Zima mashine saa ile ile, wala usiiwashe tena mpaka imetazamwa.

Kuna dalili moja zaidi. Mashine yazunguka lakini haitoi joto. Mara nyingi ni kile kidude cha kinga kilichokata kwa sababu joto lilizidi. Fundi asiye mwaminifu, au jirani ajidaiye kuwa fundi, aweza kukiruka kwa kuunga waya. Msikubali kamwe. Huko ni kumfukuza mlinzi kwa sababu amepiga kelele za mwizi. Bomba na lisafishwe kwanza, kisha kidude kingine kitiwe.

Kabla ya kuanza

Kwanza, ikiwa nyumba ni ya kupanga, ongea na mwenye nyumba au msimamizi wake. Habari hii tutaieleza chini.

Pili, tazama mashine yako ni ya umeme au ya gesi. Ya umeme katika Marekani na Kanada huwa na plagi kubwa sana, kwa sababu hutumia volti 240, nguvu mara mbili ya soketi za ukutani za kawaida. Ya gesi huwa na plagi ndogo, na bomba jembamba la gesi lenye kifungo chake. Ikiwa ni ya gesi, twawashauri mwite fundi mwenye ruhusa aisogeze. Bomba la gesi likilegea, hatari yake ni kubwa kuliko ile mliyotaka kuiondoa.

Tatu, wekeni tayari vyombo: bisibisi, mashine ya kufyonza vumbi, glavu za mikono (maana kingo za bati hukata), kitambaa cha kufunika pua na mdomo, taa ya mkononi, na burashi ndefu ya kusafishia bomba. Burashi hizi huuzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Zina fimbo laini ziungwazo moja kwa moja mpaka zifike urefu mtakao.

Nne, watoto wadogo wasiwepo karibu.

Kazi yenyewe

1. Zima mashine, uingoje ipoe kabisa. Chomoa plagi katika ukuta. Kuzima kwa kitufe tu hakutoshi.

2. Isogeze mashine mbele polepole, na watu wawe wawili, maana ni nzito. Uangalie usikanyage wala kuvuta bomba lililo nyuma.

3. Legeza kwa bisibisi ile pete ya chuma iliyoshika bomba katika mashine, ulitoe bomba. Fanya vivyo hivyo upande wa ukuta.

4. Fyonza nyuzi zote zilizo katika tundu la mashine, katika bomba fupi ulilolitoa, katika tundu la ukuta, na sakafuni. Hakuna kutia kisu wala chuma chenye ncha ndani ya mashine.

5. Nenda nje, ukafungue kilango. Toa nyuzi zilizoning'inia. Tazama kama ndege wamejenga kiota, maana hupenda mahali penye joto.

6. Rudi ndani, ukaingize burashi katika bomba la ukutani, ukiisukuma na kuivuta polepole, ukiongeza fimbo moja moja. Wengine huzungusha fimbo kwa keekee ya umeme. Ikiwa mwafanya hivyo, izungushwe kwa mwendo wa pole, na siku zote kwa upande wa mikono ya saa. Ikizungushwa kinyume, fimbo zitafunguka zenyewe na burashi itabaki ndani ya ukuta. Wala msiizungushe ndani ya bomba la plastiki au la karatasi ya alumini, maana italipasua.

7. Fyonza tena pande zote mbili.

8. Rudisha bomba mahali pake, ukaze pete. Penye maungio, tumia utepe wa alumini usioharibiwa na joto. Usitumie misumari ya parafujo yenye ncha zitokezazo ndani, kwa kuwa zitashika nyuzi kama miiba ishikavyo pamba.

9. Irudishe mashine polepole, bila kulibana bomba ukutani. Bomba lililopindwa na kubanwa huziba hata likiwa safi.

10. Chomeka plagi, uiendeshe mashine tupu kwa dakika 10 hata 15 bila joto, kama ina kitufe cha hewa baridi. Nenda nje ukatazame. Kilango kikifunguka wazi na upepo ukitoka kwa nguvu, kazi imekwisha vema.

Ubaya wa bomba lenyewe

Mkiwa nyuma ya mashine, litazameni bomba ni la namna gani. Bomba jeupe la plastiki halifai hata kidogo, kwa kuwa huyeyuka na kuwaka. La karatasi nyembamba ya alumini, lenye mikunjo kama kinanda cha mkono, nalo ni dhaifu. Hubonyea upesi, na kila mkunjo huwa kiota cha nyuzi. Lifaalo ni bomba gumu la bati, laini ndani.

Urefu nao una kipimo. Kanuni za ujenzi zifuatwazo na majimbo mengi ya Marekani zasema bomba lisizidi futi 35, na kila kiwiko kikali cha kawaida hupunguza futi 5 katika kipimo hicho. Basi bomba lenye viwiko viwili halifai kupita futi 25, isipokuwa kitabu cha mashine chasema vingine.

Tena bomba ni lazima litoke nje ya nyumba. Mahali pengine tumesikia ya kuwa watu hulielekeza darini au chini ya sakafu, au kulifungua chumbani ili wapate joto la bure wakati wa baridi. Huko ni kumwaga maji na nyuzi katika mbao za nyumba. Na ikiwa mashine ni ya gesi, hewa ile ina sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, iwezayo kuwaua watu wakiwa usingizini. Kwa sababu iyo hiyo, theluji ikianguka nyingi, nendeni mkaiondoe mbele ya kilango cha nje kabla hamjawasha mashine. Wala msitie wavu wa kuzuia ndege katika tundu la nje. Utajaa nyuzi katika muda mfupi. Kilango kizuri chatosha.

Mambo ya kila siku

Kusafisha bomba mara moja kwa mwaka hakumfai mtu asiyesafisha chujio. Chujio hutolewa nyuzi kila mara nguo zinapokaushwa, si kila wiki. Kazi hii yafaa sana kupewa mtoto aliyekwisha kuwa na akili, ili aijue tangu ujana. Ikiwa mwatumia vile vikaratasi vya kulainisha nguo, vioneni vizuri: huacha utando wa mafuta katika chujio, usioonekana kwa macho. Mwagia chujio maji kidogo. Maji yakipita, ni safi. Yakisimama juu yake, lioshe kwa maji ya moto, sabuni na burashi laini, ulikaushe kabla ya kulirudisha.

Pana jambo jingine liwahusulo hasa wapishi. Kitambaa kilichofuta mafuta ya kupikia, au nguo iliyomwagikiwa petroli au rangi ya mafuta, isitiwe katika mashine ya kukaushia. Mafuta ya kupikia hayaishi yote kwa kufuliwa mara moja. Yakipashwa moto ndani ya rundo la nguo huendelea kujipasha yenyewe, hata rundo likawaka baada ya mashine kusimama. Nguo kama hizo zianikwe. Na nguo nyingine zote, zikiisha kukauka, zitolewe na kukunjwa, zisiachwe rundo la moto.

Wala msiiwashe mashine mkaenda kulala, au mkatoka kwenda kazini au ibadani. Twajua ya kuwa mama afanyaye kazi za usiku hana saa nyingi, na usingizi wake ni mfupi. Lakini afadhali nguo mbichi asubuhi kuliko moto usiku.

Kwa wapangaji

Ndugu wengi huogopa kumwambia mwenye nyumba neno, wakidhani watahesabiwa kuwa wasumbufu, au watafukuzwa. Jueni ya kuwa bomba lililo ndani ya ukuta ni sehemu ya nyumba yake, na moto ukitokea hasara ya kwanza ni yake. Mwandikieni barua fupi yenye tarehe, mkaeleza dalili mlizoziona, na kumwomba bomba lisafishwe. Wekeni nakala. Asiyejua Kiingereza vema na amwombe mwalimu au kijana wake amwandikie. Katika majumba ya ghorofa, ambako mabomba ya watu wengi huunganishwa, au ambako bomba hutokea juu ya paa, msijaribu wenyewe. Hiyo ni kazi ya mafundi wenye ngazi na vyombo vyao. Chujio na sehemu ya nyuma ya mashine yenu zatosha kuwa kazi yenu.

Moto ukitokea

Ukiona moshi au mwali ndani ya mashine, usifungue mlango wake, maana hewa mpya huulisha moto. Watoe watu wote nje, ufunge mlango wa chumba nyuma yako, upige simu 911, namba ya msaada katika Marekani na Kanada. Usirudi ndani kwa ajili ya nguo wala vyeti. Mfundisheni kila mtoto namba hiyo na anwani ya nyumba, ajue kuitamka kwa Kiingereza. Huko Quebec, kwa Kifaransa.

Ratiba fupi ya kubandika ukutani

Kila mara: ondoa nyuzi katika chujio.
Kila mwezi: jaribu chujio kwa maji, utazame kilango cha nje.
Kila mwaka, kabla ya baridi kuanza: safisha bomba lote, tangu mashine hata nje. Nyumba yenye watoto wengi na nguo nyingi, mara mbili kwa mwaka.

Ninyi wazee mlioko nyumbani, mkizungumza na watoto wenu kwa simu Jumapili hii, waulizeni ni lini bomba lao lilisafishwa mwisho. Nanyi walimu, lisomeni jambo hili mbele ya watu, kisha mwaulize mmoja mmoja ahesabu dalili alizozisikia, ili lisiingie sikio hili na kutokea hili.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutasema habari za kengele za moshi: wapi zitundikwe, na betri zake zibadilishwe lini.